Mgongo wa Hundi

Nettie Baranyk alizijua saini za watu wa Dubrava, mji mdogo wa Manitoba, kama wengine wanavyozijua sauti zao. Kabla ya kuolewa, na tena mwanawe alipoanza shule, alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo cha mji ule, kwenye meza ya nyuma, ambako kila mwisho wa mwezi hundi zilizokwisha kulipwa zilirudishwa kwa watu waliozitoa. Yeye na Verna Kostiuk walizipanga kwenye bahasha, kila mwanachama na zake. Upande wa mbele ulisema nani kampa nani. Upande wa pili, mgongoni, ndipo aliyepokea alipotia saini yake, na mambo yenyewe yalikuwa huko. Aliyekunywa alionekana. Mzee aliyeanza kusahau alionekana kabla watoto wake hawajagundua.

Verna alikuwa na tabia ya kuinua hundi kwenye mwanga wa dirisha. "Mtazame huyu Mike. Mkono unatetemeka, na leo Jumanne tu."

"Panga kazi, Verna."

"Si napanga. Kwani macho nayo ni ya chama?"

Nettie hakuwa mtu wa maneno, lakini aliyaona yote aliyoyaona Verna, akayaweka moyoni. Kwa hiyo mwanawe alipoondoka nyumbani, alikuwa na njia ya kumfuata ambayo mama mwingine asingeifikiria.

Mwana huyo, Darcy, alikuwa wa pekee. Mumewe Nettie, Metro, alilima ngano na kitani kaskazini ya mji, na tangu Darcy akiwa mdogo aliambiwa kwamba kipande cha kaskazini, chenye bwawa na mierebi, kitakuwa chake. Halafu mwaka mmoja Darcy akiwa Alberta kwenye visima vya mafuta, kazi ya majira ya baridi, Metro alikikodisha kipande kile kwa jirani bila kumwambia. Darcy alirudi mwezi Machi akakuta mashine za mtu mwingine zimeegeshwa kwenye mierebi. Waliongea uani, wawili peke yao, na Nettie aliwatazama kupitia dirisha la jikoni. Hakusikia neno hata moja. Aliona tu Metro akinyoosha mkono kuelekea barabarani, na Darcy akiutazama mkono ule kama mtu anayesoma bango.

Baada ya siku hiyo jina la Darcy halikutajwa mezani. Nettie hakubishana na mumewe ila kwa jambo moja.

"Kodi ya kaskazini nitampelekea Darcy," alisema jioni moja, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo.

Metro aligeuza ukurasa wa gazeti. Katika nyumba ile, huko kulikuwa ni kukubali.

Basi kila mavuno yakiisha, Nettie aliandika hundi na kuituma kwa anwani aliyoipata kwa rafiki wa Darcy. Kwenye hundi, chini upande wa kushoto, kuna mstari mfupi wa kuandika malipo ni ya nini. Mwaka wa kwanza aliandika, "Kodi ya shamba." Mwezi uliofuata hundi ilirudi kwenye bahasha ya chama ikiwa imelipwa. Aliigeuza. Kulikuwa na muhuri wa benki ya Fort McMurray, na saini ya Darcy, ile D yenye tumbo kubwa kama ya baba yake, na pembeni alama ya dole gumba lenye grisi. Nettie aliipeleka pale penye mwanga, kama Verna, akaitazama mpaka chai ikapoa.

Mwaka wa pili, kwenye mstari ule, aliandika, "Mvua ya mawe." Mwaka wa tatu, "Mbwa amekufa." Saini zilirudi. Darcy hakuandika kitu kingine, ila Nettie aliona kwamba saini ya mwaka wa mbwa ilikandamizwa sana, karatasi karibu itoboke.

Mwaka wa nne alikosea. Ndani ya bahasha, pamoja na hundi, alitia barua ya kurasa mbili akimsihi arudi. Bahasha za mwisho wa mwezi zilikuja moja baada ya nyingine, majira ya baridi yote mpaka theluji ikayeyuka, na hundi ile haikuwamo. Darcy hakuichukua pesa. Mwaka mzima Nettie hakujua kama mwanawe yu hai. Mavuno yaliyofuata alituma hundi peke yake, na kwenye mstari aliandika maneno mawili tu, "Kitani kizuri." Ilirudi na saini. Tangu hapo hakuthubutu kuupita mstari ule.

Miaka ilikwenda hivyo. Mihuri ilibadilika, Fort McMurray, kisha Prince George, kisha Kamloops, ambako Darcy alitulia. Hundi zenyewe nazo ziliacha kurudi. Chama kiliungana na vyama vingine, kikanunua mashine, na badala ya hundi wanachama wakaletewa karatasi yenye picha za hundi, kila picha ndogo kama stempu. Nettie alinunua kioo cha kukuza.

Metro aliugua mapafu, akafa mwezi wa Septemba. Siku yake ya mwisho hospitalini alifumbua macho akasema, "Darcy kashafika?" Nettie alimwambia bado. Metro akasema, "Mwachieni taa ya uani." Hakusema tena kitu ambacho mtu angekielewa.

Nettie alikaa na kitabu cha hundi mbele yake. Maneno yale aliyajaribu pembeni ya gazeti, akayafupisha, akayafupisha tena, na bado hayakuenea. Barua hakuweza. Mwishowe aliandika, "Baba kazikwa Jumamosi."

Ilipokuja picha ya mgongo wa hundi ile, chini ya saini palikuwa na neno. Alimwita Verna aje na miwani yake.

"Najua," Verna alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kaandika."

"Kaandika."

"Nani kamwambia?"

Nettie hakujua, wala hakupata kujua. Lakini neno lile moja alikaa nalo miaka kadhaa kama mtu anavyokaa karibu na jiko la moto.

Mji nao ulikuwa unabadilika. Ofisi ya halmashauri iliacha kupokea hundi za kodi ya nyumba. Duka la mbolea na mbegu likataka kadi. Pensheni ya serikali iliingia benki bila mtu kuigusa. Kwenye karamu ya mavuno ya kanisa, kamati ililetewa mashine ya kadi, na kwa kuwa ukumbi uko chini ya ardhi na mtandao haushuki huko, padri alipanda kwenye benchi akaishika mashine juu, karibu na picha ya Mtakatifu Nikola, huku foleni ya watu na sahani zao ikimtazama.

"Omba, padri," Verna alimwambia. "Ndiyo kazi yako."

Halafu likaja tangazo kwamba tawi la chama litafungwa mwisho wa mwaka. Kijana kutoka makao makuu aliwaita wanachama ukumbini, akawaambia kwamba sasa huduma zitawafuata walipo.

"Sisi tupo hapa," alisema Verna. "Ninyi ndio mnaoondoka."

Watu walicheka, yule kijana pia. Nettie hakucheka. Alikuwa akifikiria kwamba picha za hundi alichapiwa na Kaylee, mjukuu wa Verna, aliyekuwa dirishani pale tawini, na kwamba tawi likifungwa hapatakuwa na Kaylee wala picha.

Hundi ya mwisho aliituma Oktoba. Kwenye mstari alibana, "Tawi lafungwa. Nipe namba." Kaylee alimletea picha kubwa, ukurasa mzima, nyumbani. Mgongoni palikuwa na saini, na chini yake namba ya simu, na chini ya namba maneno mawili: "Ya pesa."

"Sasa utampigia," alisema Verna.

"Kasema ya pesa."

"Nettie. Namba ni namba."

"Kasema ya pesa, Verna."

Aliukumbuka mwaka wa barua. Namba ile aliiweka kwenye simu akaiogopa.

Wiki ya kwanza ya Januari Kaylee alikuja kumfundisha kutuma. Walikaa jikoni. Kaylee alimwonyesha pa kuandika kiasi, na chini yake kisanduku cheupe.

"Hapa unaandika ujumbe ukipenda."

"Nafasi ni kiasi gani?"

"Kubwa, Bi Nettie. Andika mpaka uchoke."

Nettie aliandika, "Baridi sana," akatuma dola ishirini. Kabla hajaiweka simu mezani, ikaimba. Aliivuta karibu na macho. Ilisema kwamba Darcy Baranyk amepokea pesa zake.

"Kashachukua?"

"Kashachukua," alisema Kaylee, ambaye alikuwa ameinama anavaa viatu vya theluji. "Haraka, eh?"

Nettie hakulala vizuri kwa furaha. Miaka yote alingoja wiki na wiki ili aone mkono wa mwanawe, na sasa mkono ule ulinyooshwa papo hapo. Ijumaa iliyofuata alituma tena ishirini, na maneno zaidi kidogo, kama mtu anayepima barafu kwa mguu mmoja. Simu ikaimba. Ijumaa nyingine aliandika kwamba paka wa Verna alilala juu ya unga wa mkate wa Krismasi uliokuwa unaumuka, na kwamba mkate ulitoka tanurini na alama ya tumbo, na kwamba waliula. Simu ikaimba. Hakuna ujumbe uliomkasirisha. Hakuna pesa iliyokataliwa. Kila alichoandika kilipokelewa kabla hajavua miwani, naye akaanza kumwona mwanawe amekaa mahali, siku ya Ijumaa, simu mkononi, anamsubiri.

Jumapili ya kuelekea Kwaresima, mwishoni mwa Februari, kanisani kwao watu husimama wawili wawili, wanainamiana na kuombana msamaha, kila mtu kwa kila mtu, mpaka wote wapite. Nettie aliinamiwa na Verna, na jirani aliyekodi kaskazini, na watoto wasiojua wanaomba nini. Alirudi nyumbani akakaa na koti mwilini, akaandika:

"Darcy, baba yako alikuuliza. Siku ile ya mwisho alisema, Darcy kashafika? Akasema uachiwe taa ya uani. Nilipaswa kukwambia zamani, niliogopa usije ukanyamaza tena. Kaskazini ni kwako, mkataba wa jirani unaisha mwaka huu. Nisamehe mwanangu."

Akatia dola ishirini, maana bila pesa ujumbe hauendi, akabonyeza.

Simu ikaimba.

Aliisoma mara nyingi. Amepokea. Ilikuwa mchana, theluji inameta, lakini alikwenda akawasha taa ya uani. Siku zile alioka zaidi ya anavyokula. Gari likipunguza mwendo barabarani alisimama dirishani. Hakuharakisha mambo. Neno la namna ile, alijiambia, mtu huhitaji muda kulibeba.

Kwaresima ilipokaribia mwisho, wanawake walikutana kwenye ukumbi wa kanisa kutengeneza pyrohy za kuuza, vile vibonge vya unga wenye viazi ndani ambavyo vinalipia mafuta ya kupashia kanisa joto. Nettie na Verna walikaa pamoja kama zamani, wanabana kingo. Kaylee alikuwa mwisho wa meza anajaza mifuko.

"Ijumaa nimetuma tena," Nettie alisema. "Kabla sijavuta pumzi, kashapokea."

"Huyu mtoto hana kazi?" alisema Verna. "Anakaa na simu mkononi kama polisi wa zamu?"

"Ananisubiri. Anajua Ijumaa ni mimi."

"Na ujumbe ule mkubwa?"

"Huo ndio alioupokea upesi kuliko zote."

Kaylee aliacha kujaza. Aliwatazama, akaushika mfuko uliokuwa mkononi mwake kwa mikono miwili. "Bi Nettie," alisema, "hiyo inaingia yenyewe."

"Yenyewe vipi?"

"Mtu akishaisajili akaunti yake mara moja, benki inampokelea. Yeye hafanyi kitu. Inaingia hata akiwa amelala."

"Hata akiwa amelala."

"Hata simu yake ikiwa imezima. Nilidhani nilikwambia. Nisamehe, nilidhani unajua."

Nettie alimaliza kubana kibonge kilichokuwa mkononi mwake, ukingo wote, akakiweka kwenye trei pamoja na vingine.

"Kaylee, nenda kaangalie maji," alisema Verna.

"Yanachemka."

"Nenda kaangalie yanavyochemka."

Nettie alipanda ngazi, akasimama ukumbi wa juu kati ya makoti ya watu, akaipiga ile namba aliyoambiwa ni ya pesa. Sauti ya mashine ilimwambia namba haitumiki tena.

Jioni hiyo aliandika barua kwenda ile anwani ya Kamloops aliyotumia miaka yote. Hakuandika kurasa mbili. Aliandika, "Darcy, nipigie," na namba yake, na jina la mji.

Simu ililia wiki moja baada ya Pasaka. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu mzima, na kabla hajataja jina lake aliuliza, "Wewe ndiye mama wa habari za paka?"

"Ndimi."

"Naitwa Harjit Dhaliwal. Nyumba aliyopanga Darcy ni yangu, chumba cha juu. Kaa chini, dada."

Nettie alikaa.

"Ametutoka, dada. Wiki ya kwanza ya Februari. Moyo, akiwa usingizini. Tuliwatafuta watu wake, na serikali nayo iliwatafuta. Aliniambia ana mama Manitoba, mji hakuutaja, bahasha alikuwa akizichoma. Barua yako ndiyo ya kwanza kuja tangu hapo. Alizikwa na serikali. Nilikwenda mimi, na mwanangu, na mtu mmoja kutoka kazini kwake."

Nettie alisikiliza. Nje, uani, taa ilikuwa inawaka mchana kweupe, hakuwa ameizima tangu siku ile.

"Nilitaka ujue kitu," Harjit aliendelea. "Alikuwa anazisoma. Ijumaa alishuka jikoni kwangu, anasema, mama ameandika. Alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini ile ya paka alinisomea mara mbili. Alisema, walikula mkate wenyewe, hao ndio watu wangu. Nikamwambia, basi mpigie. Akasema, Ijumaa ijayo. Kila Ijumaa akasema Ijumaa ijayo."

"Alikusomea habari ya taa?" aliuliza Nettie.

"Taa gani, dada?"

Nettie aliigeukia taa ya uani. Harjit akaita tena, "Dada?"

"Basi," alisema Nettie. "Ahsante kwa kwenda makaburini."

Mwezi wa Juni alikwenda Kamloops, Verna akiwa naye, mwendo mrefu wa basi. Harjit aliwapikia dengu, akawalaza chumba cha juu. Nettie alimwaga kwenye kaburi kopo la udongo aliouchota kwenye mierebi. Verna, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, safari yote ya kurudi alimshika mkono tu.

Benki ya Darcy haikuwa na kosa. Hakuna aliyeiambia. Akaunti iliendelea kuwa wazi, na ishirini za Ijumaa ziliingia humo moja baada ya nyingine, na kila moja ilijibiwa. Baada ya karatasi kukamilika, na hilo lilichukua majira ya joto yote, benki ilimtumia mama salio la mwanawe. Wao wenyewe, waliokwisha kuwaambia watu waachane na hundi, walituma hundi. Ilifika Oktoba, wakati wa mavuno, ndani ya bahasha yenye kidirisha.

Nettie aliiweka mezani. Chini upande wa kushoto, kwenye ule mstari mfupi, mashine ilikuwa imeandika: "Mirathi ya D. Baranyk, marehemu."

Aliisoma. Kisha akaigeuza. Mgongo wa hundi ulikuwa mweupe, na mstari mmoja wa kutia saini. Alichukua kalamu akaandika jina lake polepole, na chini ya jina, pale pasipotakiwa kuandikwa kitu, akaandika, "Najua."

Kaylee alikuja siku ya pili kumsaidia kuiingiza, kwa kuwa tawi la karibu sasa lilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na hundi siku hizi hupigwa picha kwa simu, mbele na nyuma, ikaingia. Alipiga ya mbele, simu ikakubali. Alipiga ya nyuma. Akaisogeza karibu na dirisha, akapiga tena. Akaifuta lenzi kwa shati.

"Haitaki," alisema. "Ni haya maandishi ya chini, Bi Nettie. Inataka saini peke yake. Naweza kuwapigia walete nyingine, safi, usaini tu."

"Inasemaje?"

"Inasema haisomeki."

"Inasomeka," alisema Nettie, akaichukua hundi yake.